Kukunja na Kukunjua: Maana na Matumizi ya Neno "Supple"

Mfasiri mchanga huogopa maneno marefu. Akikutana na istilahi ya sheria au ya tiba hufungua kamusi, huuliza wajuzi, na mwisho hupata jibu, kwani istilahi ni mali ya watu maalumu na mipaka yake inajulikana. Mfasiri aliyekwisha kula chumvi nyingi anajua kwamba hatari iko kwingine. Iko katika vivumishi vidogo vya kila siku, ambavyo mwenye lugha huvitamka bila ya kufikiri, na mgeni huvipita akidhani amekwisha kuvielewa. Miongoni mwa vivumishi hivyo katika lugha ya Kiingereza ni "supple". Ni neno la silabi mbili tu, na tafsiri yake ya haraka ni "laini" au "-enye kupindika". Tafsiri hiyo si ya uongo, lakini ni sawa na kusema kwamba bahari ni maji. Anayeishia hapo hatapotea njia akiwa nchi kavu. Atakayepotea ni yule anayetaka kusafiri.

Yafaa kwanza itazamwe jinsi wenyewe wanavyolitumia. Ngozi ya kiatu iliyotiwa mafuta mpaka ikaufuata mguu bila ya kuubana, hiyo ni supple. Tawi la mti lililo hai, linalovutwa chini na kurudi juu, ni supple. Kadhalika unga uliokandwa mpaka ukaacha kushika mikononi, viungo vya mcheza sarakasi, na vidole vya mpiga kinanda. Kutoka katika vitu vinavyoshikika neno hupanda hadi katika visivyoshikika: sauti ya mwimbaji inayopanda na kushuka bila ya mkwaruzo, nathari inayobadili mwendo pasi na kujikwaa, akili ya mzee inayoipokea hoja mpya bila ya kuitupa busara ya zamani.

Walakini ziko sehemu ambazo neno hili haliingii. Ratiba ya kazi inayoweza kubadilishwa siyo supple. Hiyo ni "flexible", neno lenye asili ya Kilatini ya kupinda, ambalo leo limekuwa la maofisini zaidi kuliko la mwilini. Waya wa umeme nao ni flexible. Dhahabu inayokubali kufuliwa ni "malleable", na neno hilo limebeba nyundo tumboni mwake, kwani "malleus" kwa Kilatini ni nyundo. Mtu anayeshawishika kwa wepesi ni "pliable" au "pliant". Paka, na mcheza ngoma mwembamba, ni "lithe". Mwanariadha aliyekwisha kunyoosha misuli kabla ya mashindano ni "limber". Kilichopigwa kikarudi katika hali yake ni "resilient", na asili ya neno hilo ni kuruka kurudi nyuma. Katika ukoo huu mkubwa "supple" lina nafasi yake mwenyewe, kwa sababu limekusanya mambo matatu pamoja: ulaini wa kuguswa, wepesi wa kupinda, na uzima usiopasuka. Pamba ni laini, lakini haina umbo la kurudia. Waya unapinda, lakini hauna ulaini. Nta hupinda, nayo ni laini, lakini ikishapinda hubaki vivyo hivyo mpaka mkono mwingine uje kuinyoosha. Lazima yote matatu yawepo ndipo Mwingereza alitamke neno lake bila ya wasiwasi.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Kiswahili aliyefunzwa kwamba supple ni "laini" tu, ataandika siku moja kuwa mchanga wa pwani ni supple, au kwamba mto wa kulalia ni supple, na mwalimu atamkosoa bila ya kuweza kumweleza sababu. Sababu ni kwamba mchanga haupindi, na mto ukibonyea hausifiwi kwa nguvu yake. Mwanafunzi ameshika thuluthi moja ya neno akadhani amelishika zima.

Basi neno hili limetoka wapi? Kiingereza kililipokea kutoka katika Kifaransa cha kale, katika zile karne ambazo watawala wa Uingereza walikuwa wenye asili ya Normandy na maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika lugha ya nchi. Nacho Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini, "supplex", yaani mtu anayeomba kwa unyenyekevu. Wanazuoni wa asili ya maneno hawakubaliani katika kila jambo juu ya neno hilo. Wengi hulifasiri kuwa limetokana na "sub", chini, na "plicare", kukunja, likimaanisha yule anayejikunja chini, yaani anayekunja magoti. Wengine hulihusisha na kitenzi cha kutuliza hasira. Almuradi, kwa njia hii au ile, mtu huyo yuko miguuni pa mwingine, na anachokiomba ni huruma. Ndugu wa neno hili katika Kiingereza cha leo ni "supplicate", kuomba kwa kusihi. Katika Kilatini chenyewe ndugu yake mwingine, "supplicium", alianza kama dua na sadaka, akaishia kuwa jina la adhabu ya kifo. Siyo ndugu yake, ingawa linafanana naye kwa sura, ni "supply", ambalo asili yake ni kujaza.

Kwa hiyo chini ya ngozi laini ya kiatu, na chini ya kiuno cha mcheza ngoma, kuna goti lililokunjwa. Waingereza wengi hawalioni tena, lakini washairi wao wa zamani walilijua. John Milton, katika Paradise Lost, utenzi uliochapishwa mwaka 1667, anamwonesha Shetani akiwahutubia malaika wenzake kabla ya uasi, akiwauliza kama watakubali kuinamisha shingo na kukunja goti. Na kivumishi alichokiambatisha na goti hilo ni hiki hiki. Mshairi aliyekuwa bingwa wa Kilatini hakulitupia neno hapo kwa bahati. Shetani anataka kuitukana ibada, basi anachagua neno lililoanza safari yake kama sifa ya mwombaji na likaishia kuwa sifa ya mjipendekezaji. Hadi leo ukisema kwa Kiingereza kuwa mwanasiasa fulani ni supple, msikilizaji makini atauliza kama umemsifu au umemtia kasoro. Viungo vikiwa supple ni neema, lakini dhamiri ikiwa supple ni aibu.

Upande wa pili wa mizani uko katika mchezo ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua vyema, Julius Caesar wa William Shakespeare, ambao Julius Nyerere aliufasiri na tafsiri yake ikatoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Pale barazani, muda mfupi kabla ya majambia, Metellus Cimber anapiga magoti kumwombea ndugu yake aliyefukuzwa nchini, na wenzake wanamfuata. Kaisari anakataa. Anajifananisha na nyota ya kaskazini, ambayo peke yake haihami mahali pake pindi nyota nyingine zote zikizunguka. Hapo wamekutana watu wa namna mbili: wenye magoti yanayokunjika huku nyoyo zikiwa na visu, na mwenye shingo isiyogeuka. Haikupita dakika, asiyepinda akawa ameanguka. Mfasiri anayelitafakari neno supple hana budi kuuzingatia mkutano huo, kwani umeonesha hatari zote mbili kwa pamoja: kukunja kwa unafiki, na kutokunja kabisa.

Sasa mfasiri huyo arudi nyumbani na kufungua ghala la Kiswahili. Kilichomo si kidogo. Lipo "laini", lenye asili ya Kiarabu, na lipo "-ororo", la Kibantu, ambalo husifu zaidi mguso wa ngozi na kitambaa. Lipo "teketeke", lakini hilo huelekea kwenye kilichoiva mpaka kikakaribia kuvunjikavunjika. Lipo "-legevu", na "-tepetevu", na hayo yamekwisha kuvuka upande wa lawama: mlegevu ni mtu asiyeshika kazi, mtepetevu ni mvivu wa mwili na roho. Ni kweli kwamba watunzi wa mapenzi wameliokoa kidogo "legea", wakalisifia jicho lililolegea. Lakini ni jicho tu. Mkono uliolegea, mkanda uliolegea na serikali iliyolegea havina msifu.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kimeuenzi ugumu kuliko Kiingereza. "Kukakamaa" ni kuwa kikavu na kigumu kama ngozi iliyoanikwa juani au misuli iliyokazwa, na kutoka hapo likazaliwa "mkakamavu", ambalo sasa ni pongezi kwa askari, kwa mwanafunzi na kwa mgonjwa aliyepambana na maradhi. Mtu mwenye "msimamo" husifiwa kwa kuwa amesimama tu. Asiyesimama huitwa kigeugeu, na methali imekwisha kumhukumu: bendera hufuata upepo. Kwa hiyo mfasiri akiandika kwa haraka kwamba kiongozi fulani mwenye busara alikuwa na "akili inayopindika", msomaji wa Unguja au wa Mombasa hatasikia sifa hata chembe. Atasikia kwamba kiongozi huyo anahongeka. Ndipo linapozuka tatizo lenyewe. Kiingereza kimeziweka nguvu na wepesi wa kupinda katika neno moja, na Kiswahili, kwa upande wa vivumishi vyake, kimezitenga: nguvu imepewa ukavu, na wepesi wa kupinda umepewa udhaifu.

Lipo neno moja linalokaribia kuliziba pengo hilo, nalo ni "-nyumbufu". Kunyumbua ni kukifanya kitu kigumu kikubali kupinda, kwa kukipinda kidogo kidogo bila ya kukivunja, kama fundi anavyoifanya ngozi au fito. Kilichonyumbuka hupinda na hakikatiki. Maana yake ni nzuri na asili yake ni safi. Kwa bahati mbaya neno hili limeingia darasani likasahau kutoka. Hutumika katika vitabu vya sayansi, na katika sarufi, ambako kuna mnyumbuliko wa vitenzi. Mshairi akiandika "kiuno kinyumbufu", mizani inaweza kutimia, lakini msikilizaji atahisi harufu ya chaki. Si kosa la neno. Ni ajali ya makazi yake. Huenda siku moja watunzi wakalirejesha uwanjani. Mpaka siku hiyo ifike, mfasiri ana haja ya njia nyingine.

Njia hiyo inaanza kuonekana mtu akiacha vivumishi na kutazama kazi za mikono. Msusi wa mikeka huzichana kindu zikawa chane, akazipaka rangi, na kabla ya kuzisuka ukili huzirashia maji. Kindu kavu hukatika mkononi. Kindu yenye unyevu hufuata kidole kokote kinakoipeleka. Mtengenezaji wa kamba huyazika makumbi pwani, yakakaa miezi kadhaa katika tope la maji ya bahari, ndipo huyafukua na kuyaponda, akapata usumba wa kusokota. Mfinyanzi naye hana la kufanya udongo ukishakauka, na methali imemtangulia: udongo uwahi ungali maji. Methali nyingine, maarufu zaidi, yatoka kwa mvuvi: samaki mkunje angali mbichi. Hata ulimi husemwa kuwa hauna mfupa, na kiungo hicho hakikauki. Katika yote hayo kuna fikra moja. Kilatini kilipotaka kusema kwamba kitu kinakubali kupinda, kilitazama goti. Kiswahili kilitazama maji. Kinachopinda ni kibichi, yaani bado kina uhai wa maji ndani yake; kinachovunjika kimekauka. Hata tabia za watu hupimwa kwa kipimo hicho, kwani asiye na haya husemwa kuwa ana macho makavu.

Ushahidi mkubwa wa fikra hiyo uko baharini. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anaeleza katika kitabu cha safari zake, pale anapozungumzia kamba za nazi za visiwa vya Maldivi, kwa nini vyombo vya India na Yemen vilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari ya chuma. Bahari ile, anasema, ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika. Ama cha kushonwa, hicho kimepewa kitu kinachokizuia kuvunjika. Neno la Kiarabu analolitumia kukitaja kitu hicho ni "rutuba". Mfasiri wa Kiingereza hawezi kuliacha vivyo hivyo, kwani katika lugha yake unyevu hauzuii chombo kuvunjika, basi hulazimika kuleta neno la kunepa au la kurudi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji msaada huo. Anaijua rutuba ya ardhi, yaani ule unyevu unaoufanya udongo uwe hai, na papo hapo anaelewa kwamba msafiri yule alikuwa akizungumza juu ya mbao zilizo hai.

Chombo cha namna hiyo katika pwani ya Waswahili kilikuwa mtepe. Ulijengwa na kusafirishwa zaidi na watu wa visiwa vya Lamu na Wabajuni, mbao zake zikishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake likiwa la jamvi. Katika karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini, baada ya kuhudumu kwa vizazi vingi. Mtepe ulivuja, na mabaharia wake hawakupumzika kuteka maji. Hakuna haja ya kuupamba kwa uongo. Lakini ulipopwewa juu ya mchanga ukalala ubavu, au wimbi lilipouinua na kuuangusha, maungio yake yaliachia kidogo kisha yakarudi. Hapana chombo kinachostahiki zaidi kuitwa supple. Haukuwa mlegevu, kwani ulibeba shehena kutoka bandari hadi bandari. Wala haukuwa mkakamavu, kwani ukakamavu ungeupasua. Ulikunja na kukunjua.

Katika vitenzi hivyo viwili ndimo ulimo ufumbuzi. Latini iliishia katika kukunja, na ndiyo sababu neno lake halikuweza kujitenga na goti. Kiswahili kina kukunja, na kwa kuongeza irabu moja tu kina kukunjua, kinyume chake na ukamilifu wake. Nguo hukunjwa ikakunjuliwa, na mkeka vivyo hivyo, na ngumi, na uso. Aliyekunja uso amekasirika. Aliyeukunjua amesamehe au amekaribisha. Na kutoka katika kukunjua, wala si katika kukunja, lugha imejichongea kivumishi cha heshima kubwa: mkunjufu. Mtu mkunjufu ni yule mwenye moyo wazi na uso wa bashasha, asiyemfunga mgeni nje. Hapana aliyewahi kumdharau kwa kuwa ni mkunjufu, wala kumshuku kuwa ni kigeugeu. Kwa hiyo Kiswahili hakikukosa kuusifu wepesi wa kupinda, kama ilivyodhaniwa hapo awali. Kimeusifu kwa sharti: kilichokunjika lazima kiwe na uwezo wa kukunjuka.

Sharti hilo linaweza kuwa mizani ya mambo mengi kuliko ngozi na mbao. Samaki wa methali, kwa hakika, ni samaki aliyekufa. Hukunjwa na mkono wa mwingine, akakaushwa katika mkunjo huo, na hakunjuki tena. Hekima ya methali haikanushiki kwa mlezi anayetaka kuwahi. Lakini mlezi anayedhani kazi yake ni kukunja tu atapata mtoto mwenye umbo zuri la samaki mkavu. Vivyo hivyo mwenye nguvu humtaka mnyonge awe mwepesi wa kupinda, akamwita mgumu anapokataa. Mwajiri humtaka mwajiriwa akubali saa zozote, na taifa kubwa hulitaka dogo likubali masharti yoyote, na neno linalotumika katika mialiko hiyo huwa ni lile la maofisini, flexible. Swali la kuuliza ni moja: je, anayetakiwa kukunja ameachiwa nafasi ya kukunjua? Ikiwa hapana, basi kinachoombwa si wepesi, ni goti la Kilatini limerudi kwa jina jipya.

Baada ya kuyajua hayo, mfasiri anaweza kurudi mezani na kuzikabili sentensi moja moja, kwani hapana jibu moja litakalofaa kote. Tuseme katika riwaya yumo bibi mzee, mshonaji, ambaye mikono yake ilibaki supple hadi siku zake za mwisho. "Mikono laini" haifai, maana itamfanya bibi aonekane hakuwahi kushika kazi, na maana iliyokusudiwa ni kinyume chake. Afadhali iandikwe kwamba vidole vyake vilikuwa vingali vikikunjika na kukunjuka kama vya msichana. Sentensi imekuwa ndefu kidogo, lakini bibi amebaki mzima. Tuseme tena yumo waziri ambaye dhamiri yake ni supple. Hapo kukunjua kuondolewe makusudi, kwani mwandishi anataka lawama. Iandikwe kwamba dhamiri yake haikukosa pa kupindia. Ama ngozi ya fundi, hiyo inanyumbuka, na kitenzi hicho kikiwa karakana kimo nyumbani mwake, hakina harufu ya darasa. Mstari wa nathari, au tawi la mti, unaweza kunesa, kitenzi kizuri cha kilichoelemewa kikashuka na kupanda bila ya kukatika, kama mti wa mzegazega begani mwa mchukuzi wa maji.

Gumu zaidi ni akili ya mzee. Mtu aliyekwisha kuvutiwa na fikra ya maji ataandika upesi kwamba akili yake "ingali mbichi", na atakuwa ameangamia, kwani mbichi katika akili ni yule ambaye hajapevuka. Maji yale yale yanayousifu ukili yanamtukana mwanachuoni. Lugha imemwachia njia nyembamba ya kupitia, nayo ni kukanusha kinyume: akili yake haijakauka. Hapo maji yamo, upevu umebaki, na hakuna goti lililokunjwa. Mara nyingi sifa kubwa katika Kiswahili hupita kwa njia hiyo ya kukanusha, na mfasiri anayetafuta kivumishi mkabala wa kivumishi huipita bila ya kuiona.

Hapana budi kuongeza kwamba lugha yenyewe imeishi kwa kunyumbuka. Kitenzi kimoja hutoa kunjika, kunjia, kunjana, kunjua, kunjuka, kunjulia, na mzizi hauvunjiki. Washairi nao wana haki zao za kale. Inkisari hulifupisha neno ili mizani itimie, kwa hiyo "aliyekuja" huwa "alokuja". Mazida hulirefusha, na "enda" ikawa "enenda". Na iko tabdila inayobadili sauti kwa ajili ya kina. Haki hizo ni wepesi wa kupinda uliowekewa kanuni. Neno hunama mlangoni pa mshororo, likaingia, kisha msikilizaji hulinyoosha tena kichwani mwake, akalitambua. Lisipoweza kunyooka tena, hapo mshairi hajalinyumbua neno, amelivunja, na hata vina vilingane namna gani shairi limekwisha kuvuja.

Mipaka ipo, basi, na si ya maneno tu. Mnazi husifiwa kuwa hunesa kwa kusi na kaskazi ilhali miti mikaidi hukatika. Lakini kimbunga kilichoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 kiliiangusha minazi mingi pamoja na mikarafuu, na kwa kuwa Pemba ilisalimika, kilimo cha karafuu kikaegemea huko tangu siku hizo. Kwa hiyo asifikiri mtu kwamba anayejua kupinda amesalimika na kila upepo. Supple si jina la kisichoweza kuvunjika. Ni jina la kilicho hai, ambacho kwa kuwa ni hai kinaweza kupinda, na kwa kuwa ni hai kinaweza pia kufa. Mfasiri atakayelikumbuka hilo ataliacha neno "laini" kwa vitambaa, ataliacha "legevu" kwa mikanda, na kila atakapokutana na kivumishi hiki cha Kiingereza atajiuliza kwanza: kilichopinda hapa, kinaweza kukunjuka? Jibu likiwa ndiyo, Kiswahili kina zaidi ya njia moja ya kulisema.